Nani atarudia somo la huduma ya kwanza Kitui na Makueni?

Wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wanaotumia likizo zao kufundisha huduma ya kwanza vijijini Afrika Mashariki hubezwa haraka: eti wamekuja kupiga picha na watoto, kisha warudi kwao. Kejeli hiyo ni rahisi mno. Shirika kama First Aid Africa, lililoanzishwa na wanafunzi huko Scotland, lilianza na wazo ambalo hakuna mkazi wa Ukambani atakayelipinga, kwamba mtu wa kwanza kufika penye balaa ni jirani. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na, kwa sensa ya 2019, watu 1,136,187. Ambulensi haiwezi kuwa kila mahali. Basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini liliposombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi tarehe 4 Desemba 2021, na watu zaidi ya 30 wakafa, wenyeji walikuwa pale pale ukingoni kabla ya kikosi chochote cha uokoaji. Kwa hiyo mafunzo yanahitajika, hilo halina ubishi. Kinachonitia shaka ni mpango wa kufundisha mara moja na kuondoka.

Ujuzi wa mikono husahaulika. Aliyefunzwa kumkandamiza kifua mtu asiyepumua huanza kukosea baada ya miezi michache asipofanya mazoezi, hata awe muuguzi. Sasa mfikirie mama wa Mutomo aliyehudhuria mafunzo ya siku mbili, akapewa cheti, na asikutane na mgonjwa mahututi mpaka mwaka wa tatu. Cheti bado kiko ukutani, lakini mikono imesahau. Kaskazini mwa Iraq na Kambodia, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulijaribiwa njia nyingine: wahudumu wachache wa maeneo hayo hayo walifunzwa kwa kina, nao wakawafunza wanakijiji maelfu na kuendelea kuishi na kufanya kazi nao. Vifo vya waliojeruhiwa vibaya vilishuka kutoka 40 kwa mia hadi karibu 15. Wageni walihusika, lakini kazi yao kubwa ilikuwa kuwaandaa wale ambao wangebaki.

Mwalimu anayebaki pia hujua la kufundisha. Chukua nyoka, maana Kitui si mahali pa kulizungumzia jambo hili kinadharia. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na huku kifutu hukanyagwa gizani njiani, naye swila hutema sumu machoni. Mwanafunzi wa Ulaya atasema jicho lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka. Ni kweli, ila maji ya nyumba nzima yako kwenye mtungi wa lita 20 uliobebwa kutoka mtoni, na mwenye nyumba atasita kuumwaga. Mwalimu wa hapo atamwambia bila kusita aumwage wote, na kama maji hayapo, hata maziwa yatafaa. Kisha ataingia kwenye mabishano magumu zaidi: kamba inayokazwa juu ya jeraha, wembe wa kuchanja, na jiwe jeusi ambalo kila kijiji kina mzee anayeliapia. Vyote hivyo havitoi sumu, na kamba yaweza kuharibu mguu ambao ungepona. Kinachofaa ni kuvua pete na viatu, kufunga banzi ili kiungo kisisogezwe, na kumkimbiza mtu hospitalini. Mzee mwenye jiwe hashawishiki kwa somo la alasiri moja.

Wapo watakaouliza: akishafikishwa hospitalini akute dawa ya sumu ya nyoka haipo, banzi limemfaa nini? Pingamizi hili ni zito, na huduma ya kwanza isiwe kisingizio cha serikali ya kaunti kuacha rafu za dawa tupu. Lakini kinyume chake nacho ni kweli. Huko Damak, kusini mashariki mwa Nepal, dawa ilikuwepo na watu waliendelea kufa njiani. Vijana wa pikipiki walipopangwa kuwawahisha waliong'atwa, na vijiji vikaelimishwa, vifo vilishuka kutoka karibu 10 kwa mia hadi chini ya mmoja. Pikipiki tunazo. Hakuna steji ya bodaboda kati ya Salama na Mtito Andei ambayo haijawahi kumbeba majeruhi wa barabara ya Mombasa, mara nyingi akiwa amekunjwa kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, bila yeyote kujua kwamba huenda uti wa mgongo umeumia.

Pingamizi la pili ni la fedha: wageni hufundisha bure, sisi tutamlipa nani? Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopaswa kulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanajua kila boma. Kuna vyuo vya mafunzo ya tiba, KMTC, Kitui na Makueni, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, ambavyo wanafunzi wao wanazungumza Kikamba na wanarudi nyumbani kila likizo. Na kuna mwethya, vikundi vilivyochimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga bila kungoja mfadhili; kikundi kinachokutana kila wiki kinaweza kutenga nusu saa kila robo mwaka kufunga banzi kwa leso na fimbo. Makueni ilithubutu mwaka 2016 kutoza kila familia shilingi 500 kwa mwaka kwa matibabu katika hospitali za kaunti, kwa hiyo haiwezi kudai kwamba mipango ya namna hii inaishinda.

Wanafunzi wa ng'ambo wakitaka kuja, waje. Waje na midoli ya mazoezi na bendeji, wakae na wanafunzi wa KMTC badala ya kukimbilia kijijini, na kabla ya kupanda ndege wakabidhi orodha ya waliofunzwa pamoja na tarehe ya marudio. Ripoti yao kwa wafadhili ihesabu waliokumbuka somo baada ya mwaka mmoja, hata kama idadi hiyo itakuwa ndogo kuliko ya vyeti.