Hunger Games: tuisome kama batoto ba Kamalondo

Wengi wetu tuliona filamu ya Hunger Games, ile ya 2012. Wachache njo walisoma buku yenyewe, ile Suzanne Collins wa Marekani alitoa mu 2008 kwa ajili ya vijana. Leo tuangalie riwaya ya namna hii inatengenezwa je, na ju ya nini inatuhusu siye ba Lubumbashi.

Kwanza, kuko mpaka. Katniss, binti wa miaka 16, anaishi mu Distrikti ya 12, kwenye kuchimba makaa ya mawe. Baba yake alikufa mu mine. Makaa inaenda, utajiri unabakia Capitol, na batu ba distrikti wamefungiwa na waya.

Pili, kuko sheria mbaya yenye hesabu safi. Kila mwaka, kila moja ya distrikti 12 inatoa kijana mmoja na binti mmoja, ba miaka 12 mpaka 18. Wote 24 wanauana mbele ya televisheni mpaka abakie mmoja. Mtoto wa masikini anaweza kuandikisha jina lake mara nyingi, apate nafaka na mafuta. Angalia muzuri: sheria haisemi inachagua masikini. Njaa njo inachagua.

Tatu, kuko mwenye kukataa. Jina la mdogo wake linapotoka, Katniss anajitolea kwenda mahali pake.

Kumbe mwandishi wa riwaya hizi hatoi kitu hewani. Anakamata kitu cha kweli, anakivuta mpaka mwisho, na kijana anayesoma anaanza kuona kile alikuwa amezoea.

Sasa tuje kwetu. Kamalondo yetu, zamani Cité Albert, ilikuwa mtaa wa weusi. Kati yake na mji wa wazungu wakoloni waliacha eneo tupu, na sababu waliyotoa ilikuwa afya. Mpaka, na sheria yenye sura safi. Mu Desemba 1941 wafanyakazi ba Union Minière waligoma ju ya mishahara. Askari wakawapiga risasi, hapa hapa Elisabethville. Na wazee walikuwa na hadithi ya batumbula, wale ba kukamata batu usiku ili wazungu wawakule. Ile ilikuwa hofu tu, lakini ilisema ukweli moja: mji huu unakula batu.

Na kuandika pia tuliandika. Mu 1965 chama cha waliokuwa maboi ba wazungu kilitoa historia ya mji, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ya André Yav. Waliandika mu Kiswahili cha hapa, vile wanasema, bila kungoja ruhusa ya profesa. Nyuma, mu 1990, mtaalamu Johannes Fabian akaichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Siye tuko na diploma, tuko na telefone, na mine ingali inachimbwa. Kijana wa miaka 14 wa Kamalondo anajua Distrikti ya 12, lakini hajui ile eneo tupu ilikuwa wapi. Nani atamwandikia riwaya yake, mu Kiswahili chake? Maboi walikuwa na kalamu paka. Siye tunangoja nini?