Barua za Babu: kuhamisha barua pepe za zamani kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta

Mwezi wa pili mwaka huu kisanduku changu cha barua pepe kilinitangazia kwamba nafasi imekwisha. Anayetumia Gmail bila kulipa anapewa gigabaiti 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, picha na mafaili mengine yote. Zangu zilikuwa zimejaa sauti. Kwa miaka miwili nilifanya kazi ya Kisanga na mzee mmoja wa upande wa Bunkeya. Babu mwenyewe hakuandika. Alimjibu mjukuu wake, mwalimu wa shule ya msingi, na Mama Mwalimu akanitumia majibu kila alipopata mtandao: maneno, sentensi, masimulizi aliyoyarekodi kwa simu. Jumla barua 212. Babu alifariki kabla ya Noeli, kwa hiyo maswali yale siwezi kuyauliza tena.

Niliweka Thunderbird kwenye kompyuta yangu, programu ya bure ya barua pepe ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Nikaingiza anwani na neno la siri, barua zote zikajipanga mbele yangu. Nikafurahi. Nikarudi kwenye tovuti, nikafuta mwaka mzima ili nafasi ipatikane. Jioni nilipofungua Thunderbird, mwaka ule ulikuwa umetoweka na huko pia.

Kilichoniokoa ni kwamba barua zilizofutwa katika Gmail hukaa siku 30 kwenye pipa la takataka kabla ya kuteketezwa. Ningengoja likizo iishe, ningekuwa na tasnifu isiyo na data. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo nimewakuta wenzangu watatu wa idara wanaoamini kilekile nilichoamini: kwamba barua ikionekana kwenye kompyuta, basi imehifadhiwa kwenye kompyuta.

Kuna njia mbili ambazo programu huzungumza na seva ya barua. Ya kwanza, POP, ilianza mwaka 1984, enzi ambapo mtu aliunganishwa kwa dakika chache, akachukua barua zake, akakata laini. (Hali hiyo sisi tunaielewa vizuri kuliko wengi.) POP huziteremsha barua, na isipoagizwa kuziacha, huziondoa kwenye seva. Kwa kawaida huleta zilizoingia tu. Ulizotuma wewe hubaki nyuma, na barua zenye majibu bila maswali yake si mazungumzo tena. Njia ya pili, IMAP, ilibuniwa na Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986. Hiyo ni kioo. Unachokiona kwenye kompyuta ni sura ya kilichoko kwenye seva: ukifuta huku, kinafutika kule, na ukifuta kule, kinafutika huku. Leo Thunderbird huchagua IMAP yenyewe, nami nilikuwa nimekitazama kioo nikidhani ni sanduku.

Sanduku lipo, ila liko chini kabisa, upande wa kushoto: „Dossiers locaux“, kwa sisi tunaotumia programu kwa Kifaransa. Folda za hapo haziunganishwi na seva yoyote. Kuhifadhi maana yake ni kunakili barua kutoka folda za IMAP hadi hapo. Nasema kunakili, si kuhamisha; ukihamisha na umeme ukakatika katikati, utakesha ukihesabu kipi kilifika. Nilitengeneza folda moja kwa kila mwaka, nikapanga barua kwa tarehe, nikachagua mwaka mmoja, nikabofya upande wa kulia na kuagiza nakala. Usiku mmoja, mwaka mmoja, kwa mega za usiku ambazo ni nafuu. Anayetumia Gmail achukue kutoka folda moja tu, ile ya „Tous les messages“, kwa sababu Gmail haina folda za kweli bali vibandiko, na barua yenye vibandiko vitatu itakuja mara tatu.

Usishangae mafaili kuwa mazito kuliko ulivyotarajia. Kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi za kawaida, baiti tatu zikawa herufi nne, hivyo sauti ya megabaiti 6 huchukua takriban 8 ndani ya barua.

Kabla ya kufuta chochote mtandaoni, jaribu hivi: zima mtandao kabisa, fungua folda ya nyumbani, chagua barua ya zamani zaidi yenye kiambatisho, ukisikilize hadi mwisho. Kisha linganisha hesabu za barua pande zote mbili. Mimi nilikuta 209. Tatu zilikuwa zimekwama pale laini ilipokatika.

Sasa neno kwa wanaisimu. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi folda nzima kama faili moja la maandishi matupu, mtindo unaoitwa mbox, barua moja baada ya nyingine. Linafunguka kwa programu yoyote ya kusoma maandishi, hata Thunderbird ikifa kesho. Lakini nilipolifungua hivyo niliogopa: kila penye á ya toni ya juu palikuwa na =C3=A1. Hiyo si hitilafu. Ni á ileile ya UTF-8 iliyovaa nguo za safari, na programu ya barua huivua inapoonyesha. Ukiona Ã¡ ndani ya programu yenyewe, hapo imesomwa kwa mfumo usio wake. Iagize Thunderbird irekebishe usimbaji na herufi itarudi. Penye alama ya kuuliza mahali pa herufi, pole. Herufi ilipotea siku ilipotumwa, hakuna wa kuirudisha. Kiswahili hatukioni kikipata taabu hizi, maana hakina toni za kuandikwa wala herufi zenye alama, ndiyo sababu wengi wetu hatujui kwamba zipo. Anayeandika Kisanga, au Kilega chenye irabu saba, anazijua.

Wapo wanaonakili maneno ya barua na kuyabandika kwenye faili la Word, wakasema wamehifadhi. Wamehifadhi maneno. Kichwa cha barua kimebaki nje: nani alimtumia nani, siku gani, saa ngapi, ikijibu barua ipi. Mara mbili Babu alibadili jibu lake baada ya wiki kadhaa, na ni tarehe hizo zilizonionyesha jibu lipi ni la baadaye.

Kilichobaki ni kutoa nakala nje ya kompyuta, kwani kompyuta nazo huibwa. Funga Thunderbird kwanza, kisha nakili folda nzima ya wasifu wake kwenye diski ya nje. Fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalozidi gigabaiti 4. Hiyo ni faida nyingine ya folda za mwaka mmoja mmoja. Na kwa kuwa faili hilo halina kufuli, yeyote anayeishika fleshi anasoma kila kitu. Masimulizi ya Babu yana mambo ya ukoo ambayo alisema niyasikie mimi, si soko zima. Diski yangu inakaa kwa msimamizi wangu, ndani ya kabati lenye ufunguo.

Mama Mwalimu naye aliomba nakala. Hana kompyuta, kwa hiyo mbox isingemsaidia chochote. Nilizitoa sauti moja moja kutoka kwenye barua, nikazipa majina kwa tarehe, nikazituma kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na mtu anayekwenda Bunkeya. Alinipigia siku iliyofuata kuuliza ile ya tarehe 14 Machi iko wapi, ile ambayo Babu anacheka. Ilikuwa miongoni mwa zile tatu. Nilikuwa bado sijaifuta mtandaoni.