Kupima Tabia za Watu kwa Majaribio ya Shuleni

Mwanafunzi atakiwapo kuandaa jaribio kwa siku ya maonyesho ya sayansi, mara nyingi hukimbilia mbegu, udongo au sumaku. Hayo ni mema. Lakini liko jambo jingine lisilohitaji fedha wala vyombo, nalo ni tabia za watu: jinsi wanavyokumbuka, wanavyosahau, na wanavyopashana habari. Leo twataka kueleza namna ya kulipima jambo hilo kwa haki.

Kwanza tusikilize habari ya farasi. Mwaka 1904, katika mji wa Berlin, Ujerumani, alikuwako farasi aitwaye Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alisema kwamba farasi huyo ajua hesabu. Akiulizwa tatu na nne ni ngapi, Hans alipiga ukwato chini mara saba. Wataalamu walikwenda kumtazama, wasione hila yo yote. Kisha Oskar Pfungst akamjaribu kwa njia nyingine: akaweka muulizaji asiyelijua jawabu. Hapo Hans akashindwa. Ikafahamika kuwa farasi alikuwa akimtazama muulizaji tu. Hesabu ilipotimia, muulizaji alitikisa kichwa kidogo sana, bila kujijua mwenyewe, na Hans akaacha kupiga. Pfungst alitoa kitabu cha habari hizo mwaka 1907.

Ikiwa farasi aweza kuusoma mwili wa mtu namna hiyo, mwanafunzi mwenzako aweza zaidi. Basi kanuni ya kwanza ni hii: apimaye asionyeshe jawabu alitakalo, wala kwa neno wala kwa uso. Kanuni ya pili: badili jambo moja tu, na mengine yote yawe sawasawa. Kanuni ya tatu: mtu si mbegu. Yakupasa kumwomba ruhusa, kumwacha aende zake akichoka, na kutoandika jina lake. Jaribio la kumwaibisha mtu halifai kuonyeshwa po pote.

Sasa tuanze na jaribio jepesi. Shika rula ya sentimeta 30 wima kwa ncha ya juu. Mwenzako aweke vidole viwili kandokando ya alama ya sifuri, asiiguse. Iachie ghafula, naye aidake. Akiidaka penye sentimeta 5, amechukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Penye 20, sehemu moja ya tano. Rudia mara kumi, utafute wastani. Kisha rudia mara kumi tena, naye akihesabu kwa sauti kurudi nyuma toka 100 kwa kuruka tatu tatu. Linganisha wastani hizo mbili, uone kama akili yenye kazi mbili huuchelewesha mkono. Mwenye kuendesha baiskeli au gari afaidika kulijua hilo.

Jaribio la pili ni zito zaidi. Wazee husema, “Lisemwalo lipo.” Je, ni kweli daima? Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa kitabu juu ya kukumbuka. Alikuwa akimpa mtu hadithi, naye huieleza kama aikumbukavyo kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na kuendelea. Hadithi ilipungua, na mambo yaliyokuwa mageni kwa wasimulizi yaliachwa au yaligeuzwa yafanane na waliyoyazoea.

Nanyi fanyeni hivi. Andikeni habari fupi yenye mambo kumi: siku, saa, idadi, mahali, na kadhalika. Mtu wa kwanza aisome, kisha amweleze wa pili faraghani, hata ifike kwa wa sita. Hesabuni mambo yaliyobaki kila hatua. Halafu chukueni kundi jingine la sita, habari ile ile, ila hawa waruhusiwe kuuliza maswali. Linganisheni.

Wekeni pia neno la shaka katika habari hiyo: “Mbuzi amepotea, mtu mmoja adhani alimwona Fulani karibu na zizi.” Tazameni kama lile neno “adhani” litafika kwa wa sita. Likipotea njiani, Fulani amekwisha kuwa mwizi, na huenda katika wasemaji wote sita hapana hata mmoja aliyekusudia uongo. Watu wamepigwa na kufukuzwa makwao kwa habari za namna hiyo.

Siku ya maonyesho, andikeni ubaoni swali lenu, mlivyodhani kwanza, mlivyofanya, na hesabu mlizozipata, hata zikikanusha dhana yenu. Mwisho ongezeni kwamba watu kumi na wawili wa shule moja si watu wote wa nchi. Shule ya jirani ikirudia jaribio lile lile, ndipo mtakapokuwa na jambo la kulinganisha.