Afya ya Sato na Mtaji wa Vizimba

Ufugaji wa sato kwenye vizimba ni biashara inayokusanya mtaji mkubwa katika eneo dogo la maji. Kizimba kimoja huweza kubeba maelfu ya samaki, na chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama. Sato akifa wiki chache kabla ya kuvunwa, amekwenda na chakula cha miezi mingi ambacho hakitarudi. Kwa hiyo katika Ziwa Victoria, ambalo takriban asilimia 51 liko Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya, ugonjwa wa samaki ni suala la mtaji kama lilivyo suala la sayansi.

Bakteria wa jamii ya Streptococcus ni miongoni mwa maadui wa sato wanaofahamika zaidi duniani. Samaki aliyeambukizwa huogelea akizungukazunguka, macho humtoka na kuingia ukungu, ngozi huvilia damu. Makali huzidi maji yakipata joto na samaki wakisongamana. Virusi ni tishio jipya zaidi. Kirusi cha TiLV kilielezwa kitaalamu mwaka 2014 baada ya vifo vingi vya sato nchini Israel; mwaka 2018 watafiti walichapisha ushahidi wa kuwapo kwake katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, samaki ambao hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Mwaka huohuo kirusi kingine, ISKNV, kiliua zaidi ya nusu ya samaki katika baadhi ya mashamba ya vizimba ya Ziwa Volta, Ghana.

Si kila kifo huletwa na ugonjwa. Vifo vikubwa vya mwishoni mwa 2022 kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu nchini Kenya, vilihusishwa na upungufu wa oksijeni majini. Hapo antibayotiki haisaidii lolote, na haisaidii pia dhidi ya virusi. Inayotumika kwa kubahatisha huongeza hasara na kuzalisha bakteria sugu.

Jibu hutoka maabara, nayo hutegemea sampuli. Samaki aliyekwisha kuelea na kuvimba juani hafai tena. Anayefaa ni yule anayehema kwa shida, aliyetolewa majini akiwa hai, kisha vipande vya ini, figo, bandama na ubongo wake vikawekwa kwenye barafu au spiriti mara moja. Taasisi za utafiti zipo kuzunguka ziwa: TAFIRI Tanzania, KMFRI Kenya, NaFIRRI Uganda. Pengo kubwa ni umbali kati ya kizimba na maabara.

Kinga ndiyo yenye faida zaidi. Norway ilipoanza kuwachanja samoni, matumizi ya antibayotiki yaliporomoka kutoka karibu tani 50 mwaka 1987 hadi chini ya tani moja katika miaka ya karibuni, huku uzalishaji ukipanda mara nyingi. Mfugaji wa sato asiye na chanjo bado ana silaha za bei nafuu: kununua vifaranga vilivyopimwa, kuvitenga kabla ya kuviingiza kizimbani, kupunguza msongamano, kutoazimana nyavu zisizosafishwa, na kufukia mizoga mbali na maji badala ya kuitupa ziwani. Serikali za nchi tatu zinazogawana maji haya zinapaswa kuanza na vifaranga: kisisafirishwe hata kimoja kuvuka mpaka bila cheti cha afya.