Pedeli Ngumu Si Breki Kali
Sehemu ya pili: masta silinda ya 280ZX ndani ya Datsun 240Z

Gerejini kuna sifa moja ambayo mteja akiisikia hutoa pesa bila kubisha: "Breki sasa ni ngumu." Hukanyaga pedeli mara mbili gari likiwa limesimama, akaona haizami, akashukuru na kuondoka. Barabara bado haijampa jibu lake. Pedeli inayogoma chini ya mguu na gari linalosimama mapema ni mambo mawili tofauti, na kwenye masta silinda, pampu inayogeuza msukumo wa mguu kuwa shinikizo la mafuta ya breki, huvutana kama watu wawili walioshika kamba moja.

Mvutano huo unaonekana wazi kwenye Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki halihitaji kutambulishwa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akafika wa pili katika gari la aina hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye Mehta alirudi na Lofty Drews akachukua ushindi mwenyewe. Nyumbani kwake Japani gari lilitoka Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z; 240Z lenyewe lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Mbele lina breki za diski, nyuma dramu.

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye kalipa. Wenye magari haya nchini Marekani waligundua zamani kwamba kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux inayosukumwa na magurudumu yote manne, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, zinakaa kwenye mguu wa mbele wa 240Z kwa kazi ndogo sana. Pikapu hizo zilijaa katika viwanja vya magari chakavu, kule ambako mtu huingia na sanduku lake la spana, akafungua mwenyewe anachokitaka, kisha akalipa mlangoni. Kwa bei ya chakavu mtu aliondoka na kalipa nzito za gari la kubeba mizigo.

Furaha ilikatika siku ya kwanza barabarani. Pedeli ilishuka chini zaidi kuliko zamani kabla breki hazijashika. Wengi walidhani ni upepo kwenye mfumo, wakautoa, wakautoa tena, na pedeli ikabaki pale pale.

Upepo haukuwa na hatia. Pistoni za kalipa mpya kwa jumla ni kubwa kuliko zile za asili, na pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi ili isogee kwa kiasi kile kile. Masta silinda ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Ilipimwa kiwandani kulisha kalipa zake, haikupimwa kulisha za Hilux. Kwa hiyo mguu unalazimika kusafiri mbali zaidi ili kusukuma mafuta ya kutosha.

Dawa nayo ilipatikana kiwanjani. Datsun 280ZX, mrithi wa ukoo huo huo, lilitumia masta silinda ya inchi 15/16, na ile ya magari ya 1979 hadi 1981 ndiyo inayotafutwa zaidi. Inafungwa kwa nati mbili mahali pale pale kwenye busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Tofauti ya kipenyo ni milimita 1.6 tu, na ndiyo maana watu huidharau.

Hesabu yake haidharauliki. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo milimita hiyo moja na nusu inatoa uso wa milimita za mraba 445 badala ya 388. Kwa kila hatua ya pistoni, silinda ya 280ZX husukuma mafuta zaidi kwa karibu asilimia 15. Tuseme kalipa na silinda za magurudumu zinahitaji sentimita za ujazo 4 ili pedi na viatu vikamate. Silinda ndogo itasogea sentimita 1.03, kubwa itasogea 0.90. Kama mkono wa pedeli unazidisha safari mara tano, mguu ulioshuka sentimita 5.2 sasa utashuka 4.5. Hiyo ndiyo "breki ngumu" inayomfurahisha mteja.

Sasa upande wa pili wa kamba. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Shinikizo hilo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Mguu unaosukuma kilo 20 kwenye pedeli ya moja kwa tano huifikishia pistoni kilo 100, tukiiacha busta kando kwanza. Silinda ya zamani inazigeuza kuwa kilo 25.8 kwa kila sentimita ya mraba, wakati mpya inatoa 22.5. Kwenye pistoni ya kalipa yenye sentimita za mraba 20, pedi iliyokuwa inabanwa kwa kilo 516 sasa inabanwa kwa 449.

Kwa maneno mengine, kwa mguu ule ule, masta silinda kubwa inapunguza breki. Inarudisha pedeli juu na kutoza ushuru wa karibu asilimia 13 ya nguvu. Katika 240Z yenye kalipa za Hilux ushuru huo unalipika, kwa sababu pistoni kubwa za mbele zimeshaongeza nguvu upande wao. Aliyeacha kalipa za asili na kufunga silinda ya 15/16 peke yake amelipa bila kupokea kitu zaidi ya hisia nzuri mguuni. Wapo wanaoipenda hisia hiyo na wana misuli ya kuilipia, na mwandishi wa makala haya hagombani nao. Ila wasiseme wameongeza breki.

Ugonjwa wa kupenda ukubwa hauishii hapo. Wenye Nissan 240SX hufuata silinda ya inchi 17/16 kutoka 300ZX, nayo inafaa pale tu ambapo kalipa kubwa za 300ZX zimetangulia. Kwenye 240Z wapo wanaoruka hadi inchi 1 kamili. Hesabu ile ile inaonyesha shinikizo likishuka kwa asilimia 23. Siku bomba la busta likivuja, dereva wa gari hilo atajikuta anaupigia magoti usukani.

Kabla ya kuingia kiwanjani na spana, inafaa kujua kilichomo ndani ya chuma hicho. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917, na mwaka 1921 Duesenberg Model A likawa gari la kwanza kuuzwa likiwa nazo kwenye magurudumu yote manne. Kwa miongo mingi masta silinda ilikuwa na chumba kimoja, na paipu moja ikipasuka gari zima hukosa breki. Marekani ililazimisha mfumo wa njia mbili kwa magari madogo kuanzia tarehe 1 Januari 1968. Ndiyo sababu 240Z ina pistoni mbili zilizofuatana ndani ya tundu moja, kila moja na mafuta yake, moja ya mbele na nyingine ya nyuma. Mbele ya kila pistoni kuna kijitundu kidogo kama cha sindano kinachopanda hadi kwenye kikopo cha mafuta. Mguu ukiondoka, mafuta hurudi kupitia hapo. Kijitundu hicho kitatajwa tena.

Kununua masta silinda iliyotumika kunahitaji ubahili wa aina maalumu: bahili kwenye chuma, mkarimu kwenye raba. Awe Grogan jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au kiwanjani California, mnunuzi ananunua mwili tu. Raba za ndani hazinunuliwi mtumba hata ziking'aa. Kuna sababu inayowashangaza wengi. Katika matumizi ya kila siku pistoni hutembea sehemu ya kwanza tu ya tundu, na raba zikaisugua ikabaki safi. Kule mbele zaidi, ambako haifiki kamwe, unyevu ulionaswa na mafuta hujenga kutu taratibu. Fundi anapotoa upepo akikanyaga pedeli hadi sakafuni, raba huvutwa juu ya kutu ile kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, ikachanika. Silinda iliyokuwa nzima asubuhi inavuja jioni, na lawama humwangukia fundi.

Kwa hiyo pistoni zitolewe, tundu lisafishwe kwa spiriti au mafuta ya breki (petroli na dizeli huvimbisha raba), kisha limulikwe kwa tochi. Ukucha ukipitishwa ndani ukakwama kwenye mchubuko, silinda hiyo ni ya kuyeyushwa. Doa jepesi kwenye chuma cha kalibu linaweza kulainishwa, lakini mwili wa alumini una ngozi ngumu juu yake, na jiwe la kusugulia likiichuna silinda haikai muda. Wakati wa kununua raba mpya, jina lililochapwa kwenye mwili lisomwe. Magari haya yalipokea silinda za Nabco na za Tokico, na raba za mmoja si lazima zimfae mwenzake.

Nyuzi za nati za paipu nazo zina mtego. Za Kijapani ni milimita 10 kwa hatua ya milimita 1, na nati ya Kimarekani ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi inafanana nayo kiasi cha kuingia mzunguko mmoja au miwili kabla ya kuharibu mdomo. Nati isiyotaka kuingia kwa vidole isilazimishwe kwa spana. Alama za F na R kwenye mwili zitazamwe pia, maana mpangilio wa mbele na nyuma unaweza kutofautiana na ule wa silinda iliyotoka, na paipu zikahitaji kubadilishana nafasi. Kufuata mazoea hapa ni kupeleka mafuta ya mbele kwenye dramu za nyuma.

Lakini penye hatari kubwa ni kati ya silinda na busta, kwenye fimbo fupi inayosukuma pistoni. Ncha yake hurekebishwa kwa kuzungushwa. Ikiwa fupi mno, pedeli hucheza bure kabla ya kufanya kazi, na faida yote ya silinda kubwa hupotea. Ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho, na kile kijitundu cha sindano hubaki kimefunikwa. Mafuta yakipata moto hutanuka, hayana pa kurudi, pedi huanza kukamata zenyewe, joto huongezeka, pedi hukamata zaidi. Gari linalotoka gerejini likitembea vizuri linaweza kujifunga lenyewe baada ya kilomita chache. Anayeishika fimbo hiyo asiivute nje kwa nguvu. Nyuma yake, ndani ya busta, kuna kisahani cha raba ambacho kikianguka breki hushika ghafla kwa mguso mdogo tu, na mtu hutafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo.

Silinda ijazwe mafuta na kutolewa upepo ikiwa kwenye jiliwa, kabla ya kufungwa garini. Mafuta ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakishanywa maji. Ya DOT 4 kuanzia 230 na 155. Kwa gari linalokimbizwa milimani, tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei yake.

Majaribio huanza injini ikiwa imezimwa. Pedeli hukanyagwa mara tano kumaliza nguvu ya busta, hushikiliwa, kisha injini huwashwa: ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Ikiendelea kuzama polepole kwa dakika nzima bila tone kuonekana nje, raba ya ndani inapitisha. Halafu gari hupelekwa taratibu na kusimamishwa mara nyingi. Pedeli ikizidi kupanda kadiri breki zinavyopata joto, nati mbili za silinda zilegezwe kidogo. Magurudumu yakiachia hapo hapo, fimbo ni ndefu.

Gari likifaulu yote hayo, dereva atagundua jambo jipya: mbele linashika kwa nguvu na nyuma ni kama halipo. Dramu za nyuma hazijaguswa hadi hapa, na zamu yake ni katika sehemu ya tatu.