Rutshuru, bunduki zilitangulia kibali

Julai 2024, baada ya dubu kumuua msichana aliyekuwa akitembea milimani, wabunge wa Romania waliitwa kutoka likizoni wakaruhusu dubu 481 wawindwe mwaka huo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wanyama wamezidi, watu wanakufa, basi wapunguzwe kwa idadi iliyowekwa na sheria. Kivu, mashariki mwa Kongo, haina dubu. Lakini fika Nyamilima au Ishasha, huko Rutshuru, mahindi yakianza kubeba, hoja hiyo hiyo utaisikia, ila anayetajwa ni tembo.

Anayeisema asidharauliwe. Mkulima wa kando ya Hifadhi ya Virunga hulala shambani, ndani ya kibanda cha nyasi, debe la kugonga likiwa karibu na moto. Tembo huja usiku. Siku za kwanza hukimbia kelele, kisha huzoea, na debe likabaki kumsumbua mgongaji peke yake. Kiboko naye hutoka Ziwa Edward jua likizama kutafuta nyasi, na shamba likiwa njiani hulila na kulikanyaga. Asubuhi mwenye shamba huonyesha nyayo za vidole vinne kwenye tope. Akithubutu kurusha mkuki, anayekamatwa ni yeye. Mwaka 2020 mamia ya tembo walivuka kutoka Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, wakarudi Virunga. Wahifadhi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Huku mashambani habari ilipokelewa kwa uso mwingine.

Je, kuwinda kwa kibali kungesaidia? Sheria haikosekani. Ile ya Kongo namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inaeleza vibali vya uwindaji na wanyama wasioguswa. Hata eneo lipo: jirani na hifadhi kuna Domaine de chasse de Rutshuru, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wawindaji. Ukisoma makaratasi tu utadhani kazi inaweza kuanza Jumatatu.

Lakini Kivu Kaskazini imeshawinda, tena bila kibali. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 27,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Kufikia mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Waliowamaliza walikuwa watu wenye silaha, askari na waasi, waliotaka nyama na meno. Wavuvi wa Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, watakuambia kilichofuata: samaki walipungua, kwa sababu kinyesi cha kiboko hurutubisha maji ambamo tilapia hupata chakula. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la Rutshuru ni uhaba wa bunduki, namwomba arudie.

Mfano wa jirani unafaa kutazamwa. Kuanzia mwaka 2001 Uganda iliruhusu uwindaji wa kulipia kwenye mashamba ya mifugo kando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako pundamilia na swala walikuwa wakigombania malisho na ng'ombe, na sehemu ya pesa ikapewa wanakijiji. Nakubali kwamba mnyama aliyekuwa hasara tupu alipata thamani machoni pa wafugaji. Ila pale kuna mamlaka inayohesabu wanyama, mwindaji anajulikana jina, na pesa ina njia ya kufika kijijini. Kwetu, tangu Januari 2025 hata Goma yenyewe iko mikononi mwa waasi wa M23, na sehemu kubwa ya Rutshuru ilichukuliwa kabla yake. Kibali kitagongwa muhuri na nani? Na mtalii gani atalipa dola zake aje kulenga nyati Rwindi, mahali ambapo walinzi wa hifadhi wenyewe huviziwa? Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1925.

Mbali na bunduki, uzio wa umeme una nafasi yake. Nyaya zinamshtua tembo bila kumuua, mradi majani ya chini yafyekwe mara kwa mara. Yakigusa waya umeme unavujia ardhini. Maana yake unahitaji wanakijiji walioukubali. Na si wote waliokubali: wengine waliona waya umewachukulia ardhi ya babu zao, na ugomvi huo wa mpaka hauwezi kumalizwa na fundi.

Kinachoweza kuanza mapema ni malipo. Tanzania ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi tangu 2011, Kenya iliweka fidia katika sheria yake ya 2013, na Uganda ikaunda mfuko kwa sheria ya 2019. Tembo wa Ishasha havui uraia akivuka mto: anakula mahindi ya pande zote mbili. Virunga, ICCN (taasisi ya uhifadhi ya Kongo) na wafadhili wao wanaojivunia kurudi kwa tembo hao waweke fungu la mkulima wa Nyamilima katika bajeti ile ile inayowalinda wanyama, naye alipwe kabla msimu wa kupanda haujampita.