Fahamu: Kwa nini nakala za usiku hazifiki

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wanaohamia Windows 11 Pro wanakuta toleo la 24H2 halifungui tena folda ya pamoja kwa mgeni asiye na nenosiri. Kwenye saiba ya mji kama Mitunguu, skripti ya kunakili mafaili usiku inaweza kugoma hapo.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa ni la kale: ukiibofya skripti mwenyewe inafanya kazi, saa nane usiku inakwama. Herufi iliyopewa folda ya mtandao, kama Z:, ni ya mtumiaji aliyeingia; ratiba inayojiendesha bila mtu haiioni. Andika njia kamili, \\kompyuta\folda, chini ya akaunti yenye ruhusa pande zote mbili.

Kama skripti inatumia Robocopy, amri ya Windows ya kunakili, angalia namba inayorudisha: ikiwa 1, mafaili yamenakiliwa. Hitilafu huanzia 8.